Bomba Safi Lilipiwe na Fungu Gani?

Mhadhara uliotolewa Mzumbe, Morogoro, mbele ya madiwani, waganga, walimu na wanafunzi wa utawala wa umma



Mahali hapa, chini ya safu ya Uluguru, pamekuwa pakifundisha watu hesabu na kanuni za serikali za mitaa tangu mwaka 1953, palipokuwa bado ni shule ya watumishi wa tawala za wenyeji. Na ijapokuwa mwaka 1972 jina liligeuka likawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 pakawa Chuo Kikuu Mzumbe, kazi yenyewe haikugeuka, kwani hadi leo wakurugenzi na waweka hazina wengi wa halmashauri nchini, wao wenyewe au waliowafundisha kazi, wamepitia katika madarasa haya. Kwa sababu hiyo nimechagua jambo ambalo aghalabu huzungumzwa na waganga peke yao, au na masheikh na mapadri peke yao, ili nilitue juu ya meza ya mhasibu. Nalo ni hili: kuwapa watu wanaojidunga heroini mabomba ya sindano yaliyo safi, na kuyapokea kutoka kwao yaliyotumika, ili maradhi yasienee.

Madhumuni yangu ni kubainisha kwamba huduma hii haiitishi fedha nyingi, na kwamba kinachoikwamisha ni mpangilio wa mafungu yetu: anayetakiwa kulipa ni mmoja, anayepata faida ni mwingine, na wawili hao hawakai katika kikao kimoja. Nitaleta hoja tano. Baadhi ni ndefu, nyingine fupi; naomba subira yenu.

1. Huduma yenyewe ni kitu gani, na fedha huingia wapi

Wengi wanaoipinga huduma hii hawajapata kuiona, na wengi wanaoitetea huitaja kwa mbali kana kwamba ni nadharia. Natuitazame kwa karibu.

Mwelimishaji rika, ambaye mara nyingi ni mtu aliyewahi kutumia unga naye akaacha, hufika maskani akiwa na mkoba na kisanduku cha manjano cha karatasi ngumu. Ndani ya mkoba mna vifurushi: mabomba na sindano zake, chupa ndogo za maji tiba, vitambaa vya spiriti vya kusafishia ngozi, kikombe kidogo cha kuyeyushia na pamba ya kuchujia, na kondomu. Vyote hivyo vimo kwa sababu virusi havikai kwenye ncha ya sindano tu. Hukaa hata katika maji ambamo watu wawili wamesuuza mabomba yao, hasa virusi vya homa ya ini aina ya C, ambavyo ni vigumu kufa. Mwenye bomba lililotumika hulitumbukiza mwenyewe kisandukuni, wala mwelimishaji haligusi kwa mkono. Kisanduku hicho cha lita 5 hubeba mabomba kiasi cha 100, na kikijaa hakifunguliwi tena, bali hupelekwa kama kilivyo kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali. Jambo ambalo halionekani kwenye vitabu vya hesabu ni kwamba bomba lililorudi kisandukuni halitamchoma mtoto anayecheza nyuma ya stendi, wala mzoa taka anayechambua jalala kwa mikono mitupu.

Sasa tupige hesabu, na nambari za bei nitakazotumia ni za kukadiria, zichukueni kama mfano wa darasani. Lengo lililowekwa na Shirika la Afya Duniani lilikuwa kila anayejidunga apate mabomba 200 kwa mwaka ifikapo 2020. Tuchukulie mji mdogo wenye watu 100 wa namna hiyo: hao watahitaji mabomba 20,000 kwa mwaka, yaani visanduku 200, takriban vinne kwa juma. Bomba moja likinunuliwa kwa shilingi 150, jumla ni shilingi milioni 3. Waelimishaji rika wanne wakilipwa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi kila mmoja, hiyo ni milioni 7 na laki 2. Mafuta ya pikipiki tuweke milioni 1 na laki 2 kwa mwaka. Visanduku na kuchoma taka, laki 6. Jumla kuu ni shilingi milioni 12.

Tazameni, hadhirina, mahali fedha zilipokwenda. Bomba lenyewe, ambalo ndilo watu hugombana kwa ajili yake, limechukua robo tu. Kilichobaki ni watu na mwendo wao. Na hesabu hiyo imekaa chini kwa sababu moja: nimechukulia kwamba huduma imepachikwa kwenye kituo cha afya kilichopo, chenye muuguzi aliyepo na stoo iliyopo. Mtu akiijengea ofisi yake, gari lake, meneja wake na mlinzi wake, basi gharama hiyo itapanda mara nne au tano, wala mraibu hatapata hata bomba moja la ziada. Wanafunzi wa usimamizi wa fedha walishike jambo hili, kwani miradi mingi ya afya katika nchi yetu haikufa kwa ughali wa dawa, ilikufa kwa ughali wa ofisi.

2. Gharama ya kutokutoa

Heroini nyeupe, iliyo nyepesi kuyeyuka na kuingia katika bomba, ilianza kuzagaa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo watumiaji waliivuta. Baada ya hapo wengi walianza kujidunga. Kufikia mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam walitoa habari iliyoushtua ulimwengu wa tiba: baadhi ya wanawake, waliokuwa hawana fedha ya kununua kete, walikuwa wakipewa na wenzao bomba lenye damu ya mtu aliyekwisha kujidunga, wakajidunga damu ile wakiamini kwamba itawatuliza arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Ukiwafikiria wale wanawake kwa utulivu utaona kwamba hawakuwa wendawazimu. Walikuwa wagonjwa na mafukara, na waliokuwa wakipeana damu walikuwa wakihurumiana.

Shirika la Médecins du Monde lilipofungua huduma yake Temeke, nayo ikawa ya kwanza ya kugawa mabomba Tanzania Bara, uchunguzi wa mwaka 2011 kwa wanaojidunga uliwakuta na VVU asilimia kama 35, na homa ya ini C asilimia kama 28. Na miongoni mwa wanawake, wawili katika kila watatu walikuwa na VVU. Wakati huohuo kiwango cha VVU kwa watu wazima wa nchi nzima, kwa utafiti wa 2011–12, kilikuwa asilimia 5.1. Visiwani Zanzibar tofauti ilikuwa kubwa zaidi: raia wa kawaida ni kiasi cha mmoja katika mia, ilhali kwa wanaojidunga uchunguzi wa 2007 ulikuta asilimia 16, na ule wa 2012 asilimia 11.3. Na watu hawa hawaishi kisiwani peke yao, hata wale wa Zanzibar. Wana wake, wana waume, wana wateja.

Yamkini mmoja wenu anasema moyoni: hayo ni ya Temeke na Unguja, yanatuhusu nini sisi wa milimani? Kwa ajili yake nitasafiri mbali kidogo, kisha nitarudi. Katika jimbo la Indiana, Marekani, mna wilaya ya mashambani iitwayo Scott, na ndani yake mji uitwao Austin wenye watu wasiozidi 4,500, kandokando ya barabara kuu inayokwenda kusini. Wilaya nzima ilizoea kupata wagonjwa wapya wa VVU wasiofika watano kwa mwaka. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 virusi viliingia miongoni mwa watu waliokuwa wakiyeyusha vidonge vya maumivu na kujidunga, na kabla mwaka 2015 haujakwisha waliothibitika kuambukizwa walipita 180. Sheria ya jimbo ilikuwa inakataza kugawa mabomba. Gavana Mike Pence, ambaye mwenyewe hakuwa mpenzi wa mpango huo, ilimlazimu tarehe 26 Machi 2015 atangaze hali ya dharura na kuuruhusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipoipitia habari hiyo mwaka 2018 walikadiria kwamba lau hatua zingechukuliwa mwaka 2013, walioambukizwa wasingezidi 56. Na lau zingechukuliwa 2011, wasingezidi 10. Na makadirio ya serikali ya huko ni kwamba kumtibu mtu mmoja mwenye VVU maisha yake yote hugharimu karibu dola 380,000 kwa bei za mwaka 2010. Zidisheni wenyewe.

Nimekileta kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu ndicho kinachofanana nasi. Sangasanga, mahali mnapoiacha barabara kuu ya Iringa na Zambia ili kuja hapa chuoni, ni njia panda ya mashambani. Na Msamvu, stendi ya Morogoro iliyo nyuma yake, mabasi ya Dodoma, ya Mbeya na ya Dar es Salaam hukutana usiku na mchana. Unga hufuata barabara. Palipo na madereva, makuli, wapiga debe na vijana wasio na kazi, hauna haja ya kualikwa.

3. Faida huangukia mfuko mwingine

Hapa ndipo ilipo roho ya mhadhara wangu, nami nitakawia kidogo.

Wanaoitetea huduma hii hupenda kutaja hesabu ya Australia, nayo ni hesabu ya kweli: ripoti ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba kati ya 2000 na 2009 kila dola moja iliyotumika katika kugawa mabomba iliokoa dola nne za matibabu, na maambukizi ya VVU zaidi ya 32,000 yalizuiwa. Lakini mhasibu mwaminifu hawezi kuichukua nambari hiyo kama ilivyo akaibandika kwenye mpango wa Halmashauri yetu ya Wilaya ya Mvomero. Kule matibabu ni ghali, na anayeyalipia ni serikali ileile inayonunua mabomba. Kwetu hali ni kinyume mara mbili.

Mara ya kwanza, dawa zetu za kufubaza virusi zimekuwa rahisi mno. Agosti 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba dawa ya mstari wa kwanza imeshuka chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka. Hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini maana yake ni kwamba akiba ya kuzuia ambukizo moja nayo imepungua. Mtu akinywa dawa kwa miaka 40, ni dola 1,800, na tukiihesabu dola kwa shilingi 2,500 ili iwe nambari nyepesi, ni shilingi milioni 4 na nusu. Basi ule mpango wetu wa milioni 12 utajilipa ukizuia maambukizi matatu kwa mwaka. Miongoni mwa watu 100 wanaoshirikiana mabomba, ambao thuluthi yao wameathirika na wengine bado, matatu si ndoto. Na hapo nimehesabu vidonge tu: sikuingiza vipimo vya wingi wa virusi, wala kifua kikuu, wala majipu ya mishipa yanayomlaza mtu wodini wiki nzima, wala ambukizo linalopita kwake kwenda kwa mkewe na kwa mtoto atakayezaliwa. Lakini mpango uleule ukiendeshwa kwa fahari ya ofisi na magari, utahitaji kuzuia maambukizi 11 hadi 14 ili ujilipe, na hapo sitathubutu kusimama mbele yenu na kuwaahidi akiba.

Mara ya pili, na hili ndilo zito, anayeokoa fedha siye anayezitoa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na kwa sehemu kubwa zimenunuliwa kwa fedha za wafadhili na Hazina kupitia Bohari ya Dawa. Diwani wa Mzumbe akikubali kukata milioni 12 kutoka mapato ya ndani, zilizotokana na ushuru wa mazao na vibanda vya soko, hakuna kasma hata moja katika kitabu cha halmashauri yake itakayopungua mwakani kwa sababu ya uamuzi wake. Akiba ipo, lakini iko Dodoma, au Geneva, au Washington. Mtu wa namna hiyo akisema fedha zijengee choo cha shule, tutamlaumu vipi? Choo anakiona.

Wafadhili nao wana masharti yao. Bunge la Marekani mwaka 1988 lilizuia fedha za serikali kuu kutumika kugawa mabomba. Zuio likaondolewa 2009, likarudishwa 2011, na tangu 2016 likalegezwa kwa namna ambayo fedha hizo zaweza kulipa mishahara na vipimo, lakini haziwezi kununua bomba lenyewe. Ndiyo maana Dar es Salaam ilitokea kwamba kliniki ya methadone, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, iliyofunguliwa Muhimbili Februari 2011 iliungwa mkono na fedha za Wamarekani, na mabomba ya Temeke yakategemea shirika lililozaliwa Ufaransa. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kila mwenye kusimamia kliniki katika nchi hizi alitambua kwa siku chache kipi kilikuwa chetu na kipi kilikuwa cha kuazima.

Dawa ya tatizo hili haina haja ya kutafutwa ng'ambo, imewahi kujaribiwa juu ya milima hii tunayoiona dirishani. Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam hutoka Uluguru, na mkulima wa Kibungo Juu akifyeka mteremko, anayepata maji ya matope ni mtu wa Ilala. Mashirika ya CARE na WWF yalipatanisha pande mbili hizo, na wanunuzi wa maji huko chini, likiwemo shirika la maji la jiji, wakachangia malipo kwa wakulima wa juu ili walime kwa makinga maji na kupanda miti. Haikuwa sadaka, ilikuwa ni mtu wa chini kulipia faida yake. Basi na Hazina, ambayo ndiyo itakayokuwa mnunuzi wa vidonge kadiri wafadhili wanavyojitoa, inapaswa kuilipa halmashauri inayozuia ambukizo, kwa fungu lililotajwa kwa jina ndani ya mfuko wa pamoja wa afya, ili diwani asilazimike kuchagua kati ya bomba na choo.

4. Juu ya dhambi na sheria

Hoja hii nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa wengine wameisema vizuri kuliko mimi. Husemwa kwamba kumpa mraibu bomba ni kumsaidia katika maasi yake. Mwaka 2012, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kuanza huduma hii Mombasa, Malindi na Nairobi, viongozi wa dini wa Pwani waliipinga kwa nguvu, na upinzani wao ulitoka katika mapenzi ya watoto wao, haukutoka katika ukatili. Hata hivyo miongoni mwa walioishika kazi ile Mombasa ilikuwamo MEWA, jumuiya ya Waislamu ya elimu na ustawi. Na Iran, dola inayoongozwa na mafakihi, iliruhusu mabomba na methadone, na Januari 2005 mkuu wa mahakama zake aliwaagiza mahakimu wasiwazuie watoaji wa huduma. Walizipima dhara mbili wakachukua iliyo nyepesi. Mapitio ya ushahidi yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2004 hayakuona kwamba kugawa mabomba huongeza watumiaji.

Kuhusu polisi, ushahidi bora ni wa Uskoti. Mjini Edinburgh mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka ya dawa yaliacha kuuza mabomba na polisi wakawa wanayanyang'anya. Kufikia 1986, katika zahanati moja ya mtaa wa Muirhouse, nusu ya waliopimwa walikuwa na VVU, ilhali Glasgow, mwendo wa saa moja kutoka hapo, walikuwa wachache mno. Mraibu anayeogopa kukamatwa na bomba hautupi unga wake. Hulitupa bomba, kisha akaazima la mwenziwe.

5. Kinachowezekana hapa

Huduma hii haisimami peke yake. Mtu aliyezoea kumwona mwelimishaji rika yuleyule kila Jumanne ndiye atakayekubali siku moja kusindikizwa kwenda kupima, kisha kuanza methadone, kisha, Mungu akipenda, kuingia nyumba ya upataji nafuu. Bomba ni salamu ya kwanza. Kwa hiyo yule anayedai tuchague kati ya bomba na methadone anatutaka tuchague kati ya mlango na nyumba.

Naileta basi dua yangu mbele ya kila mmoja kwa nafasi yake. Wanafunzi wa chuo hiki, wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, wachukue kazi ya kuwahesabu watu hawa kutoka Msamvu hadi Sangasanga na Mlali, kwa njia ya wao wenyewe kuelekezana, kwa siri na bila kuandika jina la mtu. Kwani hakuna bajeti inayoweza kutengenezwa kwa watu ambao hawajahesabiwa, na hesabu hiyo yaweza kulipiwa na fungu la utafiti la chuo. Waganga wakuu wa halmashauri za Mvomero na Morogoro wakae meza moja, kwa kuwa mraibu haujui mpaka wa wilaya, wakubaliane kituo kimoja cha afya na tanuri moja. Kamanda wa polisi aombwe kwa heshima, kwa barua, asiwakamate watu kwa sababu ya kukutwa na bomba peke yake wala asiwakamate waelimishaji wenye vitambulisho. Na wabunge wetu wa Morogoro wapeleke Bungeni ombi la fungu la kuzuia, Hazina imlipe anayezuia.

Nanyi waheshimiwa madiwani, vikao vya kuandaa bajeti vitaanza kabla ya mwaka huu kwisha, na mwaka mpya wa fedha utafunguliwa tarehe 1 Julai. Siwaombi milioni 12 leo. Naomba kasma moja, yenye namba yake na jina lake bila kufichwa ndani ya matumizi mengineyo, iandikwe katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, hata ikiwa na shilingi milioni 3 za mabomba peke yake, ili atakapokuja mfadhili, au mkaguzi, au Hazina yenyewe, akute mahali pa kuweka fedha na watu wa kuulizwa.